Yoga ukubwani Dar: uende darasani, ubaki sebuleni, au ufuate jogging ya mtaa?

Daktari akishakwambia "mama, anza mazoezi," mara nyingi hakwambii mazoezi gani. Unatoka pale na cheti cha dawa za presha mkononi, unafika nyumbani, kila mtu ana lake. Mtoto wa kiume anasema jimu. Wa kike anakutumia video ya yoga kwenye WhatsApp. Jirani, mstaafu mwenzako, anakualika kwenye jogging ya Jumamosi na ameshakutajia bei ya fulana. Wote wanakutakia mema, ila magoti ni yako peke yako.

Naandika kwa mtu wa namna hiyo: umri umeshapita hamsini, umebakiza miaka michache ufike 60 ya kustaafu kwa lazima serikalini, au umeshastaafu na asubuhi zako zimekuwa ndefu kuliko ulivyozoea. Umesikia kwamba yoga inanyoosha mwili na pia inamsaidia mtu kujijua. Nitazipanga njia zilizopo Dar bega kwa bega, na upande wangu nauweka wazi mapema: kwa anayeanza ukubwani, mwalimu anayekutazama ana uzito kuliko jina la aina ya yoga, na mwendo wa polepole unalipa kuliko wa kasi.

Yoga na jogging

Tuanze na jogging kwa sababu ndiyo mpinzani wa kweli. Jumamosi alfajiri, ukiwa Temeke, Mbagala au Kinondoni, utawasikia kabla hujawaona: filimbi, nyimbo za mchakamchaka, fulana za sare, na nyuma kabisa akina mama wanaotembea haraka huku wakipiga soga. Kwa upande wa watu, yoga haiwezi kushindana na hili. Anayestaafu hupoteza wenzake wa kazini kwa siku moja, na kikundi cha jogging kinampa upya watu wa kumuuliza "mbona juzi hukuonekana?" Wanachangiana hospitalini, wanazikana, wanacheza kwenye harusi za wenzao. Kwenye darasa la yoga kila mmoja anatazama mkeka wake, na inaweza kupita miezi hujajua jina la jirani yako wa kushoto.

Kwa upande wa mwili mambo yanagawanyika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kuupa moyo kazi kiasi, na kwa waliofika miaka 65 unaongeza jambo ambalo wengi hawalisikii: angalau siku 3 kwa wiki za mazoezi yenye kujenga nguvu na uwezo wa kusimama bila kuyumba, ili kuzuia kuanguka. Jogging na kutembea vinamaliza lile la kwanza. Yoga inafaa zaidi kwa lile la pili. Yoga ya polepole haiupi moyo kazi ya kutosha, na anayekwambia kuwa yoga peke yake inamaliza kila kitu anakuuzia.

Hilo la kuyumba linahitaji kuonwa kwa karibu. Chukua mkao wa mti. Unasimama pembeni ya ukuta, unanyanyua unyayo mmoja na kuubandika kwenye shavu la mguu wa pili, au juu pajani kama nyonga inaruhusu, lakini kamwe usiubandike kwenye goti lenyewe. Dakika haijapita, kifundo cha mguu uliosimamia kinaanza kucheza, vidole vinang'ang'ania sakafu, na unagundua kuwa ukitazama feni inayozunguka unaanguka, ukitazama kitasa cha mlango unasimama. Huo ndio mguu utakaokuokoa siku sabuni imemwagika bafuni. Kukimbia hakuufundishi mguu jambo hili.

Maumivu ya kiuno nayo yanaegemea upande wa yoga. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani, katika mwongozo wake wa maumivu sugu ya mgongo wa chini, kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribiwa kabla ya kukimbilia dawa.

Kwa hiyo kama maisha yako bado yana kutembea ndani yake, kituoni, sokoni, msikitini au kanisani kwa miguu, ongeza yoga. Kama gari linakuchukua mlangoni na kukushusha mlangoni, anza kwanza kutembea, yoga itakusubiri. Jimu naipita haraka: vyuma vinajenga misuli vizuri sana hata uzeeni, lakini jimu nyingi za mitaani zimejaa vijana, muziki uko juu, na mwalimu ana watu kumi wa kuwatazama kwa wakati mmoja.

Yoga ipi?

Majina yanachanganya: hatha, ashtanga, vinyasa, Iyengar, yin, Bikram. Historia kidogo inasaidia kuyapanga, kwa sababu sehemu kubwa ya yoga inayofundishwa leo duniani imepita mikononi mwa mtu mmoja, Tirumalai Krishnamacharya, aliyezaliwa India mwaka 1888 na kufariki mwaka 1989.

Miaka ya 1930 alikuwa akifundisha kwenye kasri la Mysore, kusini mwa India, na wanafunzi wake walikuwa hasa wavulana. Kwa miili ile aliwapa yoga ya kuruka, kushuka na kupanda bila kusimama. Mmoja wa wanafunzi wake, Pattabhi Jois, aliiendeleza njia hiyo ikajulikana kama ashtanga, na vinyasa ya siku hizi ni mtoto wake. Mwanafunzi mwingine, B.K.S. Iyengar, alikuwa shemeji ya Krishnamacharya, kijana aliyetoka kwenye kifua kikuu, malaria na homa ya matumbo, mwili umekauka. Iyengar akaja kujenga njia ya taratibu: unakaa kwenye mkao mmoja muda mrefu, umepangwa vizuri, na pale mwili usipofika unasaidiwa na kiti, mkanda, tofali la mbao au blanketi. Mwaka 1958 alimfundisha Malkia Elisabeth wa Ubelgiji kusimama kwa kichwa, mama ambaye alishapita miaka 80. Hilo nalitaja kama ushahidi kwamba ukubwani kunaanzika, maana kusimama kwa kichwa kwenyewe sikushauri, na sababu zinakuja huko chini. Uzeeni, akiwa Madras, Krishnamacharya alifundisha mtu mmoja mmoja na kupanga mazoezi kulingana na hali ya mtu, na mwanawe Desikachar akaendelea na mkondo huo.

Mwalimu yule yule aliwapa wavulana kuruka na wagonjwa kulala. Ukiyajua hayo, uchaguzi unakuwa mwepesi. Ashtanga na vinyasa zilitengenezwa kwa kuzingatia miili michanga. Kwa mtu wa miaka 58 mwenye kitambi na goti la kushoto linalolia, mwendo wa yoga hizo hauachi nafasi ya kujisikiliza. Unapofika mkao wa tatu wenzako wako wa sita. Hatha ya kawaida (mikao ya taratibu, mmoja baada ya mwingine), Iyengar, au yoga ya kwenye kiti ndizo za kuanzia. Yin ni nzuri kwa kupumzika, ingawa inamkalisha mtu kwenye mvutano kwa dakika kadhaa, na mwenye viungo vilivyolegea aichukue kwa uangalifu. Bikram ni mikao 26 ndani ya chumba kilichopashwa moto hadi nyuzi 40 hivi. Kwa Dar, Februari, umeme umekatika, hiyo tayari unayo bure.

Masaki, Upanga, au sebuleni kwako

Studio za yoga za Dar zimejikusanya zaidi upande wa Masaki, Msasani na Oysterbay. Mara nyingi utakuta sakafu ya mbao, walimu waliosomea kazi yao, matofali na mikanda ya kutosha, na darasa linaloendeshwa kwa Kiingereza. Bei nayo ni ya Masaki: madarasa matatu manne yanaweza kula ada ya mwezi mzima ya jimu ya mtaani. Wengi hulalamikia pesa, lakini mimi naona tatizo kubwa ni barabara. Darasa la saa kumi na mbili jioni kwa anayekaa Kimara au Mbagala maana yake ni kuondoka nyumbani alasiri. Mwendokasi inakufikisha kituo cha Morocco, kilichobaki ni daladala, bajaji au bodaboda. Kisha umelala mkao wa maiti, ule wa mwisho wa kulala chali, pumzi imetulia, moyo mweupe, unatoka nje unakutana na foleni ya kurudi na konda anayekusukuma ndani kwa mgongo. Utulivu wote unaisha kabla hujafika Ubungo. Kama huishi upande ule, chukua darasa la asubuhi katikati ya wiki, na mstaafu ana bahati hiyo ambayo wafanyakazi hawana.

Mjini kuna ladha nyingine. Kituo cha utamaduni cha serikali ya India, kinachoitwa Swami Vivekananda, kimekuwa kikifundisha yoga hapa Dar pamoja na muziki na lugha ya Kihindi, na jamii za Wahindi wa Upanga na Kisutu wana yoga yao ya miaka mingi, isiyo na mavazi ya kubana wala vioo vya ukutani. Mikao ni ya kawaida, pumzi inapewa muda mrefu, na haishangazi kumkuta bibi wa sari akikunja magoti vizuri kuliko mjukuu wake. Kwa anayetaka kuonja tu kabla ya kutoa pesa, kuna Juni 21. Umoja wa Mataifa uliipitisha kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga mwezi Desemba 2014, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, na Ubalozi wa India hapa nchini huandaa mazoezi ya pamoja. Usitegemee mwalimu akuone kwenye umati ule; nenda ukaone kama mwili wako unaipenda.

Halafu kuna sebuleni. Hapa faida ni nyingi na zinaeleweka: dera lako, saa yako, hakuna wa kutazama tumbo lako, gharama ni bando. YouTube ina walimu wazuri kweli, wakiwemo wanaofundisha wazee tu. Kasoro yake ni kwamba simu haikuoni. Video inasema "pumua taratibu" huku wewe umebana pumzi na uso umeiva. Inasema "mgongo unyooke" na wako umepinda kama upinde, na hakuna mkono wa kukugusa begani. Tena kila ukigeuza shingo kutazama skrini ukiwa umeinama, unaitesa shingo ile ile uliyokuja kuitibu. Na nyumba ya Dar haina asubuhi tupu: mjukuu atakupanda mgongoni, fundi bomba atapiga hodi, LUKU itaisha.

Ukichagua sebule, vifaa usivinunue kwa pupa. Mkeka wa ukindu ni mzuri kwa kulalia lakini juu ya vigae unateleza, na mikao ya kusimama inataka usioteleza. Wa mpira wa bei ya chini unatosha. Kanga mbili zikikunjwa na kuviringishwa zinakaa vizuri chini ya magoti au shingo kuliko mito. Kwa kiti, chukua cha mbao cha mezani, kiegemeze ukutani. Kiti cha plastiki kiache, miguu yake hutanuka ukikiegemea kwa uzito.

Suala la imani

Hili linaulizwa kwa sauti ya chini, na watu wengi wameacha yoga kwa sababu hawakupata jibu. Yoga ilizaliwa India na imebeba mambo ya dini za huko. Kukataa hilo ni kudanganya. Lakini madarasa yanatofautiana sana. Kuna yanayoanza na kumaliza kwa kuimba Om na mantra, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, na kuna ambayo kuanzia mwanzo hadi mwisho hutasikia zaidi ya "vuta pumzi, toa pumzi." Waislamu wa nchi nyingine walishaujadili mpaka huo: baraza la fatwa la Malaysia lilikataza mwaka 2008, na mwaka 2009 baraza la maulamaa la Indonesia likakataza yoga yenye mantra na ibada, likaacha ile ya mazoezi ya mwili tu. Wakristo nao wamegawanyika, wapo wachungaji wanaoikemea na wapo waumini wanaofanya bila shaka yoyote. Muulize unayemwamini kwa mambo ya dini, na umuulize mwalimu wa yoga waziwazi kuna nini ndani ya darasa lake. Akina mama wanaotaka kufanya wakiwa wamejisitiri, au bila wanaume, wana haki ya kuuliza hilo pia, na zipo studio zinazopanga vipindi vya wanawake.

Na huko kujijua?

Katika mafundisho ya Patanjali, mwanafalsafa wa kale wa India, ambayo ndiyo msingi wa yoga ya zamani, mikao ni kiungo kimoja tu kati ya vinane. Vilivyobaki ni mwenendo, nidhamu, pumzi, kutuliza hisi, na hatua za umakini mpaka utulivu wa ndani kabisa. Ndani ya nidhamu hizo mna kujisoma nafsi. Kwa hiyo anayekwenda yoga kutafuta kujijua hajapotea njia. Ila si kila darasa litamfikisha.

Yoga ya kasi inachosha vizuri, na mtu aliyechoka hulala vizuri, basi. Ya polepole inakuacha na wewe mwenyewe kwenye mkao mmoja kwa muda unaoanza kukera, na katika kukereka huko ndipo vitu huonekana. Namfahamu mwalimu mstaafu wa sekondari, mkazi wa Tabata, aliyeingia yoga kwa ajili ya kiuno. Aliniambia kitu cha kwanza alichojifunza ni kwamba simu ikiita tu, anabana pumzi. Hakuwahi kukiona kwa miaka yote. "Nikakumbuka," akasema, "nilikuwa nabana hivyo hivyo mkaguzi akiingia darasani." Ameshaacha ualimu, mkaguzi pengine ameshastaafu naye, lakini kifua bado kinamsubiri. Huo ni ugunduzi mdogo, ila unapunguza nusu ya hasira za nyumbani.

Wengine huona mengine. Mama aliyelea watoto, akauguza mume, akasimamia misiba ya ukoo mzima, akiambiwa alale chali dakika kumi asifanye lolote, mikono haijui iwekwe wapi. Kuna wanaolia pale bila kujua kwa nini. Kuna wanaokoroma, na hao nao walikuwa wanahitaji usingizi. Jogging haifiki huku, na haikusudii kufika. Yenyewe inakusahaulisha nafsi yako kwa saa moja, na kuna miezi ya maisha ambayo hilo ndilo linalohitajika. Mfiwa, kwa mfano, nisingemwambia aanze kwa kukaa kimya peke yake sebuleni. Ningempeleka kwenye watu.

Kuhusu zile safari za wikiendi za yoga huko Zanzibar zinazoahidi kukurudisha ukiwa mtu mpya: bahari ni nzuri, chakula ni kizuri, nenda kama una pesa. Mtu mpya kwa siku tatu simwoni.

Magonjwa yanayobadili uchaguzi

Hapa hakuna mapendeleo, kuna kutii. Mwenye presha ya macho aachane kabisa na mikao ya kichwa chini, hata ule wa mbwa anayetazama chini (mikono na miguu sakafuni, makalio juu), kwa kuwa inapandisha msukumo ndani ya jicho. Mwenye presha ya damu asibane pumzi, asipinduke, na dawa zake aendelee kuzimeza. Yoga inaweza kumsaidia, lakini kidonge kinapunguzwa na daktari tu. Mama aliyekwishakoma hedhi na kuambiwa mifupa yake imepungua uzito asiiname sana mbele kwa mgongo uliopinda wala kujisokota kwa nguvu, maana pingili za mgongo huweza kuvunjika. Anayetumia sindano za insulini asifanye akiwa na njaa. Aliyewekewa nyonga bandia amuulize aliyempasua ni mikao ipi asiiguse.

Orodha hiyo ndiyo inayonifanya niweke darasa mbele ya simu kwa mtu anayeanza. Mwenye afya isiyo na dosari anaweza kuanzia sebuleni na asipate madhara. Mwenye hata moja kati ya hayo aanze mbele ya macho ya mwalimu, miezi michache, mara moja kwa wiki ikitosha mfuko, na siku nyingine arudie nyumbani mikao aliyosahihishwa. Akishaujua mwili wake, Masaki anaweza kuiaga na kubaki na mkeka wake. Anayeishi mbali na asiye na nauli ya kila wiki atafute wenzake wanne watano wa mtaa, wamwite mwalimu kibarazani kwa mmoja wao na wagawane gharama. Wakimaliza wana chai, na hapo wamepata na kile kitu kizuri cha jogging.

Kabla hujalipa, piga simu. Mwambie mwalimu umri wako na kinachokuuma, kisha nyamaza umsikilize. Akikuuliza dawa unazotumia, idadi ya wanafunzi akaitaja bila kuzunguka, na akasema "njoo mapema kidogo mama, tuongee kabla wengine hawajafika," lipa. Akikujibu "usijali, utazoea tu," mshukuru, kata simu, tafuta namba nyingine.